Huyu bado ana utumbo mpana? Mwongozo kamili wa kuweka misimbo ya mchochota wa kifuko cha utumbo

Faili hili halipiti kila siku. Malaria, presha, kisukari na ajali za bodaboda ndizo zinazojaza meza zetu za rekodi, Moshi na Arusha, na misimbo yake, yaani namba za kimataifa za magonjwa tunazoandika kwenye fomu, vidole vinaijua bila kufungua kitabu. Halafu siku moja linakuja faili la mtu aliyetolewa utumbo mpana wote, akatengenezewa kifuko ndani kwa kutumia utumbo mwembamba, na sasa kifuko hicho kimeshikwa na mchochota: kimevimba, kimekuwa chekundu, kinauma. Daktari ameandika pauchitisi, jina la kitaalamu la mchochota huo, ameandika dawa, amesaini. Wewe umebaki na kisanduku cha msimbo kilicho wazi, na mgonjwa yuko kwenye benchi akisubiri fomu aende nayo dirisha la dawa.

Faili langu la kwanza la namna hii nilikosea. Niliandika K51.9, kolaitisi ya vidonda (mchochota wenye vidonda wa utumbo mpana) isiyotajwa aina, kwa sababu ndilo jina lililokuwa juu ya jalada. Dai la bima likarudi na swali moja: mgonjwa huyu alitolewa utumbo mpana miaka mitatu iliyopita, hiyo kolaitisi iko wapi? Sikuwa na jibu, na mgonjwa ndiye aliyesumbuka kurudi mara mbili. Tangu hapo kila faili la kifuko nalianza kwa swali hilo kabla sijagusa kalamu: huyu bado ana utumbo mpana? Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na swali hilo.

Kifuko chenyewe

Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru, mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda kuelekea juu, lakini haivuki mpaka wa utumbo mpana. Dawa zikishindwa, au dalili za saratani zikionekana, mpasuaji hutoa utumbo mpana wote pamoja na puru. Zamani hapo ndipo palikuwa mwisho: utumbo mwembamba ulitolewa nje kupitia tundu la tumboni, mgonjwa akaishi na mfuko wa kubandika maisha yake yote. Mwaka 1969 Nils Kock wa Sweden alieleza kifuko kilichoshonwa ndani ya tumbo, ambacho mgonjwa alikimwaga kwa mrija. Mwaka 1978 Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, walichapisha njia iliyokwenda mbali zaidi: kifuko kikaunganishwa na njia ya haja kubwa yenyewe, mtu akaenda choo kama wengine. Miaka miwili baadaye Utsunomiya wa Japani akaleta kifuko chenye umbo la herufi J, na hicho ndicho utakachokikuta kwenye faili nyingi hadi leo.

Kutokana na historia hiyo, mtu wa rekodi ashike mambo mawili. La kwanza, kifuko kimeshonwa kwa ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Kinafanya kazi ya puru lakini nyama yake ni ya utumbo mwembamba, na ndiyo maana misimbo ya utumbo mpana haikifai. La pili, upasuaji huu mara nyingi hufanywa kwa awamu mbili au tatu. Katikati ya awamu mgonjwa huwa na tundu la muda tumboni, wakati kifuko kinapona. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye jina moja la upasuaji wanaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa siku unapowaandikia.

Mchochota wa kifuko ndilo tatizo linalojirudia kuliko yote baada ya upasuaji huu. Hadi nusu ya waliopasuliwa kwa sababu ya kolaitisi ya vidonda huupata angalau mara moja katika miaka inayofuata. Waliopasuliwa kwa sababu ya polipu za kurithi, vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, huupata kwa nadra sana, ingawa kifuko ni kilekile. Ukiona faili la mtu wa polipu limeandikwa pauchitisi, daktari anaweza kuwa sahihi, lakini lisome mara mbili.

Hatua ya kwanza: itafute karatasi ya upasuaji

Usianze na maelezo ya leo. Anza na karatasi ya upasuaji au muhtasari wa kuruhusiwa. Wagonjwa wengi wa aina hii tunaowaona huku Kaskazini walipasuliwa kwingine, wengine Dar es Salaam, wengine nje ya nchi, na karatasi zao huja zimekunjwa ndani ya bahasha au ndani ya simu kama picha. Muombe mgonjwa kwa upole. Wengi wanazo, na wanazitunza kuliko sisi tunavyozitunza.

Unatafuta majibu ya mambo manne. Kwa nini alipasuliwa: kolaitisi ya vidonda, polipu za kurithi, au kitu kingine? Nini kilitolewa: utumbo mpana wote na puru, au kuna kipande cha puru kilichoachwa? Je, kifuko kimeshaunganishwa na kinatumika, au bado kuna tundu tumboni? Na ilikuwa mwaka gani? Ukikosa karatasi, andika kwenye faili kwamba imekosekana na umuombe daktari aandike historia hiyo kwa mkono wake. Maneno ya mgonjwa peke yake hayatoshi kuwekewa msimbo, hata kama unamwamini, na hata kama kovu unaliona.

Hatua ya pili: nini kimemleta leo

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mtu mwenye kifuko kizima, asiyeumwa chochote, huenda choo mara nne hadi nane kwa siku. Kwake huo ndio uzima. Karani asiyejua atasoma "choo mara sita, chepesi", ataandika A09 ya kuharisha kwa maambukizi, na mtu aliyekuja kliniki kwa uangalizi wa kawaida ataingia kwenye takwimu za mkoa kama mgonjwa wa kuharisha. Kama amekuja tu kuangaliwa na hana tatizo, kilichobaki kuandikwa ni hali yake ya baada ya upasuaji, nayo ina misimbo yake ya Z tutakayoifikia.

Pauchitisi hutajwa pale dalili zinapozidi kawaida yake mwenyewe: choo kimeongezeka, haja inakuja kwa haraka isiyozuilika, tumbo linakaba, pengine damu, pengine homa. Madaktari wanaofuata utaratibu kamili huangalia kifuko kwa kamera na kuchukua kinyama kwenda patholojia. Kuna kipimo cha alama kilichotoka Mayo Clinic mwaka 1994, kifupi chake PDAI. Kinajumlisha alama za dalili, za kamera na za kinyama, sita kwa kila kundi, jumla 18. Alama 7 na kuendelea huhesabiwa kuwa mchochota. Ukiona PDAI kwenye faili, usihesabu wewe na kujiandikia utambuzi. Alama ni ushahidi wa daktari, na neno la utambuzi lazima liwe lake.

Angalia pia kama daktari ametaja muda na mwitikio wa dawa. Mchochota wa chini ya wiki nne huitwa wa muda mfupi, unaozidi hapo huitwa sugu, na kuna wagonjwa wanaopona kwa antibiotiki za metronidazo au siprofloksasini (sipro), wengine wanaorudi kuumwa kila wanapoacha dawa, wengine ambao dawa hizo haziwagusi. Hakuna msimbo unaobeba tofauti hizo. Ziandike kwa maneno kwenye nafasi ya maelezo, kwa sababu zitamsaidia mkaguzi wa bima kuelewa kwa nini mtu mmoja anapewa sipro mara nne kwa mwaka.

Hatua ya tatu: kitabu kipi

Hili watu wengi wanaliruka, na kwetu sisi halifai kurukwa. ICD-10, kitabu cha kimataifa cha misimbo ya magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, ndiyo tunayoitumia kwenye fomu za NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kwenye takwimu zetu. Wamarekani wana toleo lao, ICD-10-CM, walilolianza tarehe 1 Oktoba 2015 na wanalolirekebisha kila Oktoba. Vitabu hivi viwili vinafanana sura, namba zake za mwanzo ni zilezile, lakini kwenye ugonjwa huu vinaachana.

Kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani pauchitisi haina namba yake peke yake. Inakaa ndani ya K91.8, matatizo mengine ya mfumo wa chakula yaliyofuata tiba au upasuaji. Kwenye kitabu cha Marekani ina namba kamili: K91.850. Jirani yake ni K91.858, matatizo mengine ya kifuko cha utumbo, kama vile kifuko kilichobana au kinachovuja.

Sasa, kwa nini hili ni letu? Kwa sababu ya mlima na mbuga. Mgeni anayepandia Machame au anayetoka Serengeti akiwa na kifuko, akaishiwa maji mwilini, atafikishwa hospitali ya Moshi au Arusha na kadi ya bima ya safari. Kampuni yake ikiwa ya Marekani itataka K91.850, na ukiipelekea K91.8 itairudisha kwa sababu kwao namba hiyo haijakamilika. Ukifanya kinyume, ukaandika K91.850 kwenye fomu ya mwanachama wa NHIF, umeandika namba isiyokuwemo kwenye kitabu tunachokitumia. Uingereza hutumia kitabu cha Shirika la Afya Duniani, Ujerumani na Australia zina matoleo yao. Usikisie kwa rangi ya ngozi wala lafudhi ya mgonjwa. Soma kadi ya bima.

Jambo dogo la kando: ukikuta kwenye barua ya zamani ya mgeni namba 569.71, hiyo ni pauchitisi ya kitabu cha Marekani cha ICD-9 kilichotangulia. Usiinakili. Itafsiri kwenda namba ya sasa.

Hatua ya nne: faharasa kwanza, orodha baadaye

ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani ina juzuu tatu. Ya kwanza ni orodha ya misimbo yenyewe, ya pili ni maelekezo, ya tatu ni faharasa ya alfabeti. Njia sahihi ni kuanzia juzuu ya tatu, kutafuta neno la ugonjwa, kisha kurudi juzuu ya kwanza kusoma kilichoandikwa chini ya namba, hasa vinavyojumuishwa na visivyojumuishwa. Programu za hospitali zimetuzoesha kuandika herufi tatu na kubofya cha kwanza kinachojitokeza. Cha kwanza kinachojitokeza mara nyingi ni kile kinachotumiwa sana hospitalini hapo, na ukimtafutia mgonjwa wa kifuko namba kwa neno "kolaitisi", kompyuta itakupeleka K51 au K52 bila aibu.

Soma sehemu nzima ya K91 mara moja kwa utulivu, hata siku isiyo na mgonjwa. Ni ukurasa mmoja tu. K91.2 ni mwili kushindwa kunyonya chakula baada ya upasuaji. K91.3 ni utumbo kuziba baada ya upasuaji. K91.4 ni tundu la tumboni kutofanya kazi vizuri, na hiyo si ya kifuko cha ndani hata kidogo. Nimeiona ikitumiwa kwa pauchitisi kwa sababu tu mtu alisikia neno "mfuko". Mfuko wa kubandika nje na kifuko kilichoshonwa ndani ni vitu viwili, na kwa Kiswahili majina yake yanakaribiana mno. Ukiongea na mgonjwa, muulize kwa vitendo: unabadilisha mfuko tumboni, au unakaa chooni?

Hatua ya tano: msimbo haukai peke yake

K91.8 ikiwa peke yake ni bubu. Inaweza kuwa pauchitisi, inaweza kuwa mshono uliobana, inaweza kuwa mambo mengine kumi. Kwa hiyo iandikie maneno kamili pembeni, "mchochota wa kifuko cha ileamu", kisha uiongezee wenzake wanaosimulia yaliyobaki.

Y83.2 inasema kwamba tatizo limefuata upasuaji wa kuunganisha utumbo, bila kosa lolote la mpasuaji wakati ule. Hii huandikwa ya pili, kamwe isiwe ya kwanza. Naisisitizia kwa sababu baadhi ya wenzetu huiogopa wakidhani inamshtaki daktari. Haimshtaki. Inasema tu kwamba mwili umeitikia hivi baadaye.

Z90.4 inasema sehemu ya mfumo wa chakula haipo tena. Kwa Marekani ni Z90.49. Ukiniuliza, hii ndiyo yenye thamani kuliko zote kwenye faili hili, kwa sababu ndiyo inayojibu swali letu la mwanzo mbele ya kila atakayelisoma. Kama ingekuwa kwenye faili langu la kwanza, dai lisingerudi.

Z93.2 huongezwa pale tu tundu la utumbo mwembamba bado lipo tumboni. Likishafungwa, iache. Na kolaitisi ya zamani haipotei: Z87.1, historia ya magonjwa ya mfumo wa chakula, inaibeba bila kudai kwamba bado ipo. Kwa aliyepasuliwa kwa polipu za kurithi, D12.6 ndiyo inayoeleza ugonjwa wa asili kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani, na kama ugonjwa huo bado unafuatiliwa sehemu nyingine za utumbo, daktari atasema.

Halafu kuna yale yanayoambatana siku hiyo: kuishiwa maji mwilini, E86 kwetu na E86.0 kwa Marekani. Upungufu wa damu kwa kupoteza damu muda mrefu, D50.0, mchochota wa mirija ya nyongo, K83.0, ambao huongeza uwezekano wa pauchitisi na mara nyingi husahauliwa. Andika kilichotibiwa au kilichobadilisha matibabu. Kilichotajwa tu kwa kupita kisijaze fomu.

Daktari akiandika "inawezekana"

Kuna faili zinazoishia na alama ya kuuliza, na hapa vitabu vinaachana tena. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yanasema hivi: kama huduma imekwisha, utambuzi bado umeandikwa kama wa kushuku, na hakuna maelezo zaidi ya kupatikana, uweke msimbo kana kwamba umethibitishwa. Sheria ya Marekani inatenganisha. Aliyelazwa, utambuzi wa kushuku wakati wa kuruhusiwa huwekewa msimbo kama uliothibitishwa. Mgonjwa wa nje, huwezi. Unaandika dalili zake tu, kuharisha au maumivu ya tumbo, na kusubiri majibu.

Lakini kabla ya kukimbilia kanuni hiyo, nenda kamuulize daktari. Usikae na swali mezani. Mimi humfuata kliniki mapema, kabla foleni haijakolea:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari. Nina faili lako la jana, yule wa kifuko. Umeandika kuharisha, na metronidazo ya wiki mbili. Kuharisha huku umekuona kunatokana na nini?"

"Ni kifuko, mama. Kamera ilionyesha vidonda."

"Basi niandikie hapo na usaini, na tarehe ya leo."

Angalia jinsi swali lilivyoulizwa. Sikumwambia "ni pauchitisi, sivyo?" Ukimtilia daktari jibu mdomoni, umeandika utambuzi wewe kwa saini yake. Na nyongeza iandikwe kwa tarehe ya siku inapoandikwa, isirudishwe nyuma.

Mitego

Mkubwa ni ule nilioangukia, K51 kwa mtu asiye na utumbo mpana. Una upande wake mmoja wa haki. Wapasuaji wengi huacha mkanda mfupi wa ngozi ya ndani ya puru pale wanapounganisha kifuko, na mkanda huo unaweza kuendelea na kolaitisi ileile ya zamani. Huo ni mchochota wa mkanda, si wa kifuko, na tiba yake ni tofauti. Daktari akiandika waziwazi kwamba ni kolaitisi iliyobaki kwenye puru, K51.2 ina mahali pa kusimama. Asipoandika, hairuhusiwi kubahatisha.

Wa pili ni ugonjwa wa Crohn wa kifuko, mchochota unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Kuna wagonjwa ambao, miaka kadhaa baada ya upasuaji, hugundulika kuwa na Crohn: fistula (njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka kwenye utumbo), utumbo uliobana juu ya kifuko, vidonda visivyosikia antibiotiki. Kwa kuwa kifuko ni ileamu, namba yake ni ya Crohn ya utumbo mwembamba, K50.0. Marekani wanaendelea kuigawa kwa matatizo, kwa mfano K50.013 ikiwa na fistula. Utambuzi huu unabadilisha maisha ya mtu na gharama za dawa zake. Usiutoe kwenye neno "fistula" peke yake.

Wa tatu ni wa huku kwetu zaidi. Mtu mwenye kifuko naye anakunywa maji tunayokunywa. Choo kikipimwa na kuonekana amiba, na daktari akaandika kuhara damu kwa amiba, basi ni A06.0 na habari ya kifuko inabaki kwenye Z90.4. Ikiwa ni bakteria wa Clostridium difficile baada ya antibiotiki nyingi, ni A04.7, Marekani wanataka A04.71 kwa uliojirudia na A04.72 kwa usiosemwa kujirudia. Vyote viwili vikitajwa, mchochota wa kifuko na mdudu, andika vyote, na ule uliohitaji matibabu zaidi ndio utangulie. Utambuzi mkuu ni ule uliomfanya ahudumiwe. Ukubwa wa jina hauhesabiki.

Mifano mitatu ya kubuni, mwanzo hadi mwisho

Mama wa miaka 42 kutoka Kibosho, alitolewa utumbo mpana na puru kwa kolaitisi ya vidonda, tundu la muda likafungwa. Amekuja kliniki, choo mara 14 kwa siku badala ya sita zake, kamera imeonyesha vidonda kwenye kifuko, daktari ameandika pauchitisi na sipro. NHIF. Msimbo mkuu K91.8, maneno kamili pembeni, kisha Y83.2, Z90.4, Z87.1. Hakuna Z93.2 kwa sababu tundu limefungwa. Hakuna K51. Hakuna A09.

Mgeni wa Marekani, ameshushwa mlimani akiwa hoi, amelazwa Moshi usiku mmoja kwa maji ya mshipani. Daktari ameandika kuishiwa maji mwilini, na pauchitisi iliyotibiwa kwa metronidazo. Kilichomlaza ni maji, na ndicho kilichotumia kitanda na muda wa wauguzi, kwa hiyo E86.0 mbele, K91.850 ifuate, kisha Y83.2 na Z90.49. Kama daktari angeandika kwamba amelazwa hasa kwa pauchitisi kali, mpangilio ungegeuka. Ndiyo maana unasoma maelezo ya kulazwa na ya kuruhusiwa, yote mawili.

Kijana wa Arusha, alipasuliwa miezi minne iliyopita, kifuko kimeshonwa lakini bado hakijaanza kutumika, ana tundu tumboni na ngozi pembeni yake imechubuka. Jalada linasema "mgonjwa wa kifuko", na mkono unaweza kukimbilia K91.8 kwa mazoea. Soma: kifuko chake hakina tatizo leo. Alichokuja nacho ni tundu, basi angalia kama daktari ameandika kwamba tundu halifanyi kazi vizuri, K91.4, au amekuja kwa uangalizi wake wa kawaida, Z43.2. Ngozi iliyochubuka nayo ina sehemu yake kwenye sura ya magonjwa ya ngozi.

Fomu, vitabu vya MTUHA na siri ya mgonjwa

Kwenye fomu ya madai hakikisha dawa na vipimo vinazungumza lugha moja na msimbo. Metronidazo na kamera ya kifuko pembeni ya A09 vitamshangaza mkaguzi. Pembeni ya K91.8 yenye maneno kamili vinaeleweka. Na kama kipimo hakilipiki kwa msimbo ulio sahihi, tafuta maelezo ya daktari au kibali cha bima. Kubadilisha msimbo ili ulipike ni kudanganya, na anayebaki na uongo huo kwenye historia yake ni mgonjwa.

Kwenye rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje na namba 14 cha waliolazwa, hutapata mstari wa pauchitisi. Itaangukia kwenye magonjwa mengine, na ni sawa. Lakini kwenye faili la mgonjwa namba kamili na maneno yake yabaki. Utafiti wowote wa baadaye kuhusu magonjwa haya Kaskazini utategemea faili hizo.

Ugonjwa huu unahusu choo, harufu na aibu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, usimuulize mgonjwa habari za kifuko chake dirishani mbele ya foleni. Msogeze pembeni.

ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi kimataifa tarehe 1 Januari 2022, na inaruhusu kuunganisha misimbo kwa kundi ili hali nzima ya mgonjwa isomeke pamoja. Mazoea ya hatua ya tano, ya kuandika tatizo pamoja na wenzake, ndiyo yatakayokurahisishia siku hospitali yako itakapohamia huko.

Kabla hujarudisha faili kabatini, geuza jalada la mbele. Pale lilipoandikwa "kolaitisi ya vidonda" miaka hiyo, usifute. Ongeza chini yake, kwa kalamu nzito: utumbo mpana ulitolewa, mwaka fulani, ana kifuko cha ileamu. Zamu inayofuata huenda ni ya kijana wa mafunzo kwa vitendo, mgonjwa atakuwa ameinama kwa maumivu pale benchini, na mstari huo ndio wa kwanza atakaousoma.